URAIA USIBAKI NDANI YA KAYE

Ndugu msomaji, pengine unasoma kurasa hizi ukiwa Rubaya, ao Walikale, ao katika kambi moja ya wachimbaji ambayo jina lake halimo hata katika ramani. Pengine una mtoto anayesoma katika chuo cha juu, Rutshuru, Goma ao Bukavu. Wewe ndiye unalipa minervali. Umeuza mbuzi, umeshinda ndani ya shimo, umekopa katika AVEC ya wamama. Na mwisho wa mwaka kijana anarudi nyumbani na valizi moja, viatu vipya, na kaye nyingi.

Chukua kaye moja tu. Tafuta ile iliyoandikwa juu yake kwa Kifaransa «Éducation à la citoyenneté», ndiyo elimu ya uraia. Ni somo la mwaka wa kwanza, na wanafunzi wa vyuo vyetu wanalipita, akiwa anasomea ualimu, uuguzi ao maendeleo ya vijijini. Umwombe akufungulie. Kisha mwulize swali la nyumbani kabisa: «Mwanangu, daraja letu limevunjika, tumelia na hakuna anayejibu. Sheria inatupa njia gani?»

Mara nyingi atakupa maana ya neno «raia». Atakupa maana ya «taifa» na ya «Leta». Halafu atanyamaza, ao atacheka kidogo na kusema: «Papa, ile tulishika kwa kichwa, tukaandika, tukapata pointi, ikaisha.»

Usimkasirikie. Kijana huyu si mjinga. Alifundishwa hivyo. Mwalimu alisoma, yeye akaandika. Siku ya mtihani akarudisha yale aliyoandika, na kaye ikaingia chini ya kitanda. Lakini mimi nasema kwamba hapa ndipo tunapoteza kitu kikubwa. Wewe umemtuma mtoto mmoja wa kijiji kwa miaka mitatu ao mitano, kusudi akirudi awe na macho kwa ajili ya wote. Naye anarudi na maneno ya kukariri. Na wakati huohuo kuna watu wengine wanaomngoja huko kijijini, wenye bunduki, ambao wao hawamwombi kukariri chochote.

SHERIA YENYEWE INASEMA NINI

Katiba tuliyo nayo ilitangazwa tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006. Ibara yake ya 45 inaweka daraka juu ya wenye mamlaka: ni lazima waeneze na kufundisha Katiba yenyewe, pamoja na Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu na Mkataba wa Afrika wa haki za watu. Hata askari na polisi ni lazima wafundishwe mambo hayo katika mafunzo yao. Ibara ya 142 inaongeza kwamba sheria zienezwe kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha 4 za taifa, ndani ya siku 60. Kiswahili ni moja ya hizo 4. Sasa wewe mwenyewe, mama uliye sokoni Kiwanja, ni lini uliletewa sheria moja kwa Kiswahili?

Nataka tukae kidogo juu ya ibara ya 27, sababu ndiyo jibu la swali la daraja. Inasema kila Mkongomani, akiwa peke yake ao pamoja na wengine, ana haki ya kumwandikia mwenye mamlaka ombi, linaloitwa petisio, na mwenye mamlaka analazimika kujibu ndani ya miezi 3. Si neema, si kupiga magoti. Ni haki yenye tarehe. Aliyeandika tarehe 1 ya mwezi wa 3 anajua kwamba mwanzoni mwa mwezi wa 6 anaweza kurudi na kuuliza: jibu liko wapi?

Wasomaji wa Biblia watakumbuka jambo moja, na namba zenyewe zinafanana kwa bahati tu. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, kuna wasichana watano, binti za Selofehadi. Baba yao amekufa bila mtoto mwanamume, na urithi unataka kupotea. Hawakulia nyumbani. Walikuja mbele ya Musa, mbele ya kuhani na wakubwa wote, mlangoni pa hema, wakaeleza neno lao kwa utaratibu. Na sheria ikabadilishwa. Hiyo ni petisio, tena ya wanawake, tena bila jiwe hata moja kutupwa.

Kijana wa chuo anayejua kuandika barua ya namna hii kwa lugha nzuri, yenye mambo ya kweli tu, yenye tarehe, anayejua kuipeleka ofisini na kuomba muhuri wa mapokezi juu ya kopi yake, huyo ni faida kwa kijiji chote. Muhuri ule usiusahau. Bila muhuri, miezi 3 haina mwanzo.

KWA NINI WAZEE WANAOGOPA

Ukimwambia mzee wa miaka 70 kwamba chuo kinapaswa kufundisha vijana kushughulika na mambo ya inchi, atatikisa kichwa. Ana sababu.

Tarehe 4 mwezi wa 6 mwaka 1969, wanafunzi wa Kinshasa waliandamana, na askari wakawapiga risasi. Walikufa wengi. Mwaka 1971, wenzao walipotaka kuwakumbuka, chuo cha Lovanium kilifungwa na wanafunzi wakapelekwa jeshini kwa nguvu. Mwaka huohuo vyuo vikuu vitatu vya inchi, cha Wakatoliki cha Kinshasa, cha Leta cha Lubumbashi na cha Waprotestanti cha Kisangani, viliunganishwa kuwa kimoja chini ya serikali, UNAZA. Hakukuwa tena na chama cha wanafunzi isipokuwa JMPR, vijana wa chama kimoja cha Mobutu. Kisha ikaja usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 mwezi wa 5 mwaka 1990, pale kampasi ya Lubumbashi. Wazazi wa wakati ule walijifunza neno moja la kuwaambia watoto wao: «Soma, nyamaza, rudi.»

Na elimu ya uraia haikukosekana siku zile! Ilikuwepo nyingi. Kulikuwa na kuimba na kucheza kwa ajili ya kiongozi, na kulikuwa na salongo. Wengi wetu tulishika jembe siku ya Posho juu ya kuogopa faini. Kutengeneza barabara ni kazi nzuri. Lakini mtu hakuulizwa barabara gani, wala hakuonyeshwa hesabu ya pesa zilizopaswa kuitengeneza. Alifundishwa kutii, akaambiwa huo ndio uraia. Ndiyo maana hata leo, ukitaja neno «sivisme» mbele ya watu wazima, wanafikiri juu ya jembe na faini.

Kwa hiyo wazee wana haki ya kuogopa. Lakini ukimya waliotufundisha haukutulinda. Vita ilikuja hata kwa walionyamaza.

VIJANA WALIOJIFUNZA NJE YA DARASA

Mwaka 2012, hapa Goma, kundi la vijana, wengi wao wanafunzi ao waliomaliza masomo bila kupata kazi, walianzisha mwendo wanaouita LUCHA. Walisema hawatashika silaha, wala hawatakuwa chama cha siasa, wala hawatakuwa na prezida. Walianza na mambo ambayo kila mama anayaona: kazi kwa vijana, na maji. Fikiri kidogo: mji uliokaa kando ya ziwa Kivu, na watoto wanabeba bidoni kilometa na kilometa! Mwaka 2016 shirika la Amnesty International liliwapa tuzo pamoja na vijana wa Senegal na wa Burkina Faso.

Mwaka huo huo wa 2016, mwezi wa 2, vijana 6 wa LUCHA walikamatwa Goma wakitayarisha mabango kwa ajili ya siku ya watu kubaki nyumbani. Walihukumiwa miaka 2, na kwenye apeli ikapunguzwa kuwa miezi 6. Mmoja wao alikuwa msichana mwanafunzi, Rebecca Kabugho. Mwaka uliofuata, 2017, Marekani ilimpa tuzo ya wanawake wenye ujasiri.

Najua katika makanisa yetu kuna waliowaita vijana hawa watukutu. Mimi sikubaliani na kila njia yao. Kufunga barabara siku ya soko kunamwumiza mama muuza mchicha kabla ya kumwumiza gavana. Lakini swali linalonisumbua ni lingine. Goma ina Chuo Kikuu cha Waprotestanti, ULPGL, tangu 1985. Ina chuo kikuu cha Leta, UNIGOM. Ina vyuo vingine ambavyo siwezi hata kuvihesabu. Kwa nini kijana alipotaka kujifunza namna ya kuuliza juu ya maji alilazimika kutoka nje ya darasa, kukaa chini ya mti na wenzake, na kujifundisha mwenyewe? Darasa lilikuwa linafanya nini?

Nakukumbusha tena Beni. Mwisho wa mwaka 2018 tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi hawatapiga kura pamoja na inchi yote. Kwa Beni na Butembo sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola na usalama. Watapiga mwezi wa 3 mwaka 2019, baada ya prezida kujulikana! Hasira ilikuwa kubwa. Tarehe 27 watu walishambulia hata kituo cha wagonjwa wa Ebola pale Beni, jambo la kusikitisha sana, maana ugonjwa ule uliua watu zaidi ya 2,200 mpaka ulipotangazwa kwisha mwezi wa 6 mwaka 2020. Lakini tarehe 30, siku ya kura, raia wa Beni walifanya jambo lingine. Walijipanga mistari, wakaweka masanduku yao wenyewe, karatasi zao wenyewe, wakapiga kura na kuhesabu. Kura ile haikuhesabiwa Kinshasa. Walijua haitahesabiwa. Walitaka ionekane kwamba wanajua kufanya.

Mji mmoja, juma moja, hasira moja. Siku ya kwanza mawe, siku ya pili mistari. Ni nani aliyewafundisha hawa wa pili? Kazi hiyo ilipaswa kuwa ya chuo.

CHUO KINAWEZA KUFANYA NINI

Inchi nyingine zilijiuliza swali hili kabla yetu. Huko Danemark, mchungaji mmoja Mlutheri, Grundtvig, alifikiri juu ya shule za watu wazima wa vijijini ambamo mkulima angejifunza kusema katika baraza bila kuona haya mbele ya tajiri. Ya kwanza ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Waswedi walifuata mfano huo, na kwa Waswedi ndiko Tanzania ilijifunza. Tangu 1975 Tanzania ina Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, leo ni zaidi ya 50, ambamo kijana anajifunza useremala ao ushonaji pamoja na namna ya kuishi na kijiji. Marekani nao wana vyuo vya miaka miwili vilivyo karibu na watu. Cha Joliet kilianza mwaka 1901. Mwaka 1947 tume iliyowekwa na rais Truman iliandika kwamba elimu ya juu ni kwa ajili ya kutunza utawala wa watu, si kwa ajili ya kazi tu. Tangu hapo vyuo vingi vya namna hiyo vinamtuma mwanafunzi kufanya kazi katika mtaa wake kama sehemu ya somo, kisha anarudi darasani kukaa na mwalimu na kufikiri juu ya yale aliyoyaona. Kukaa na kufikiri, hiyo ndiyo sehemu ambayo salongo haikuwa nayo.

Sisi hatuhitaji kujenga kitu kipya. Tuna staji. Kila mwanafunzi wa ISDR, wa ISP, wa ISTM anatumwa staji. Tuna kazi ya mwisho ya kuandika, inayotetewa mbele ya walimu. Mageuzi ya LMD, yaliyoanza na mwaka wa masomo 2021-2022, yamewalazimisha walimu kupanga upya masomo yao, basi nafasi ipo. Kinachokosekana ni swali la kumpa mwanafunzi anapokwenda.

Nitakupa mfano wa hesabu, kwa kuwa gazeti hili linasomwa katika sehemu za madini. Kode ya madini ya 2002 ilibadilishwa tarehe 9 mwezi wa 3 mwaka 2018. Inasema kampuni inayochimba italipa kodi inayoitwa redevance, na inagawanywa hivi: 50 kwa mia kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo dogo lenyewe ambamo madini yanatoka, ni kusema sheferi, sekta ao komine, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tuseme redevance ni dola 100,000. Basi sheferi inapaswa kupokea dola 15,000. Tena, kando ya kodi hiyo, kampuni inapaswa kutoa angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa kazi za maendeleo ya wenyeji. Ikiuza kwa milioni 10 za dola, hiyo ni dola 30,000. Ni zahanati, ao ni chemchemi kadhaa.

Mtoto wako anayesoma kontabilite anaweza kufanya hesabu hii kwa dakika tano. Lakini hakuna aliyemwambia aifanye juu ya kijiji chake. Amefanya hesabu za kiwanda cha Ubelgiji kilichomo katika kitabu.

Na asidanganye watu vilevile. Sehemu kubwa ya uchimbaji wetu ni wa mikono, ule wa mashimo na mifuko. Hapo kugawanya redevance ya kampuni hakusaidii kitu. Sheria ya 2018 inataka wachimbaji wawe katika koperative zilizokubaliwa na wachimbe katika maeneo yaliyotengwa kwa ajili yao. Basi swali la mwanafunzi linakuwa lingine: koperative ina karatasi? Wanamemba wake walichagua viongozi lini? Mtu akifa shimoni, mjane anapewa nini, na ni wapi imeandikwa? Hata hapa Rutshuru wazee wanakumbuka Lueshe, pale kampuni ya SOMIKIVU ilipochimba pyrochlore. Waulize kilichobaki kwa wenyeji. Hiyo peke yake ni kazi ya mwisho ya kuandika, na ni nzuri kuliko nyingi ninazoziona zikinakiliwa kutoka mwaka hadi mwaka.

Kuna viti vingine ambavyo vijana wetu hawavioni. Kila eneo la afya linapaswa kuwa na CODESA, kamati ya wenyeji inayofuata kazi ya kituo cha afya. Kila shule inapaswa kuwa na COPA, kamati ya wazazi, na COGES inayoangalia matumizi ya pesa. Nenda leo uulize COGES ya shule yenu ilikutana lini mara ya mwisho. Nakuomba uulize kwa upole, maana mkurugenzi wa shule naye anateseka, mshahara wake unachelewa. Mwanafunzi wa uuguzi aliye staji akikaa na CODESA mara tatu, akasoma kaye ya dawa zilizoingia na zilizotoka, akawaeleza wamama kwa Kiswahili ao Kinyarwanda ao Kihunde ao Kinande yale aliyoyasoma, amejifunza uraia kuliko kurasa 80 za noti.

Hapo linatokea jambo la makabila, nalo tusilifiche. Rutshuru tuna sheferi mbili, Bwisha na Bwito, na watu wa lugha nyingi, na damu nyingi imemwagika juu ya kuuliza «wewe ni wa nani?» Chuo kikiwatuma vijana wanne wa makabila manne katika kijiji kimoja, wakala bugali pamoja, wakauliza pamoja juu ya chemchemi moja, ni hubiri ambalo mimi siwezi kulihubiri Jumapili. Lakini wasitumwe kama wageni wanaokuja kuhesabu watu. Waende na barua ya chuo, wapitie kwa shefu wa lokalite na kwa kanisa.

Na pointi? Kazi ya uraia ipewe pointi? Nimebishana na walimu juu ya hili. Isipopewa, hakuna atakayeifanya. Tunajua vijana wetu. Ikipewa, ataifanya kwa ajili ya pointi, na mwingine atanunua. Maoni yangu ni haya: usimpe mtu pointi kwa sababu alibeba mawe ya daraja. Mpe pointi kwa sababu ya ripoti yake, kama mambo aliyoyaandika ni ya kweli, na mwalimu aende mwenyewe kijijini kuuliza. Mwalimu gani atakwenda, bila transpoti? Hapo sina jibu rahisi. Vyuo vyetu vinaishi juu ya minervali ya wazazi, na moto haujai pesa za benzini. Anza na vijiji vya kutembea kwa mguu.

Tena chuo chenyewe kiwe mfano. Kuna vyuo, na vya makanisa vimo, ambamo msemaji wa wanafunzi anatajwa na wakubwa badala ya kuchaguliwa na wenzake, na hesabu ya pesa wanazolipa wanafunzi haionyeshwi kwa mtu. Kijana anafundishwa ibara za Katiba saa 2, na saa 4 anafukuzwa juu ya kuuliza pesa ya maabara imekwenda wapi. Atashika somo gani, la saa 2 ao la saa 4? Na mikutano ya wanafunzi isifanywe usiku, maana wasichana hawatakuja, na kisha watu watasema wasichana hawapendi mambo hayo.

NA RUTSHURU YA LEO?

Hapa najua msomaji atanisimamisha. «Pasta, unasema juu ya petisio na hesabu, wakati sisi tunakimbia na mikeka?»

Ni kweli. Tangu tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka 2021 serikali iliweka Kivu ya Kaskazini chini ya utawala wa jeshi. Mwishoni mwa mwezi wa 10 mwaka 2022 Rutshuru na Kiwanja ziliingia mikononi mwa M23. Tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 2023 inchi ilipopiga kura, Rutshuru na Masisi hazikupiga. Mwisho wa mwezi wa 1 mwaka 2025 ikawa zamu ya Goma. Na uchaguzi wa mabaraza ya sheferi, ambao ungempa kijana wa Bwisha mtu wa kumwuliza juu ya pesa za pale, haukuwahi kufanyika hata wakati wa amani.

Katika hali hiyo neno langu la kwanza ni la mzazi: mtoto asitumwe kufa. Ile petisio niliyoisifu hapo juu ina majina na sahihi, na wakati wa bunduki orodha ya majina ni kitu cha hatari. Inaweza kuanguka mikononi mwa mtu asiyesoma petisio bali anasoma majina. Basi siku hizi usiandike orodha. Neno lipelekwe kwa mdomo, na wazee wawili ao watatu ambao kila upande unawaheshimu, na kanisa likiwa pamoja nao. Mwalimu anayemwambia kijana wa miaka 20 kwenda mbele na bango huku yeye mwenyewe amebaki nyuma, huyo simkubali.

Lakini uraia haukufungwa na vita. Kuna mambo ambayo yanafanyika hata sasa bila mtu kukasirika. Kamati ya chemchemi. AVEC ya wamama, ambayo sanduku lake lina funguo tatu kwa watu watatu, na hesabu inasomwa kwa sauti mbele ya wote. Nani atakufundisha uwazi kuliko hao? Kamati ya wazazi. CODESA, na vita imeileta kazi zaidi, maana watu wakisongamana kipindupindu hakikai mbali. Kamati za waliohama ambazo zinaandika nani amepokea bidoni na nani hakupokea. Migogoro ya mipaka ya mashamba, ambayo watu wakirudi nyumbani itakuwa mingi kuliko mashamba yenyewe: kijana aliyesoma anaweza kuandika ushuhuda wa wazee wa pande zote mbili wakati bado wako hai.

Wewe mzazi, likizo ikifika na mtoto amerudi, usimpe kazi ya kuchota maji tu. Mpeleke kwa mama mmoja wa CODESA ao kwa mwenye kutunza sanduku la AVEC. Amwambie: «Mama, shikamoo, nimetumwa na papa nijifunze kaye yenu.» Akae mikutano mitatu bila kusema neno. Mkutano wa nne wakimwomba kuandika, aandike kwa Kiswahili chepesi, tarehe juu, waliokuwepo wangapi, waliamua nini, pesa ngapi zimeingia na ngapi zimetoka, na asome kwa sauti kabla ya watu kuondoka, kusudi anayeona kosa aseme palepale. Akirudi chuoni achukue kopi kwa ajili ya mwalimu wake, na majina ya watu ayaache nje ya kopi hiyo. Kaye yenyewe ibaki kwa yule mama.